Kabla hujalipia stempu mtandaoni, omba kuuona mgongo wake

Stempu ya pauni 1 ya Kenya na Uganda, toleo la 1922 lenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, huuzwa mtandaoni kwa bei zinazopishana mno. Moja ilibandikwa kwenye kifurushi, ikapigwa muhuri wa posta, ikatunzwa. Nyingine ilibandikwa kwenye mkataba kulipia ushuru wa serikali, ikasainiwa kwa wino, halafu baada ya miaka mtu akaiosha kwa kemikali na kuipiga muhuri wa posta wa kughushi. Ya tatu ina uso safi kabisa, ila nyuma imechubuka kiasi kwamba ukiiinua kwenye mwanga unaona kidoa cheupe. Kwenye kioo cha simu zote tatu zinafanana.

Hali ya stempu iko mahali pengi ambapo picha ya mbele haifiki: mgongo, kingo, unene wa karatasi, gundi. Anayenunua kwa kuangalia uso peke yake anakisia. Hapa tunatumia zaidi stempu za Afrika Mashariki za kabla ya uhuru, kwa sababu zina karibu kila tatizo linaloweza kuipata stempu: joto na unyevu wa pwani, wino usiovumilia maji, matumizi ya ushuru, na maneno ya kughushi yaliyopigwa juu ya stempu za bei rahisi.

Vifupisho vya wauzaji

Wauzaji wengi huandika vifupisho vya Kiingereza au alama, na kila kimoja ni ahadi unayoweza kumdai. MNH, au nyota mbili, ni stempu mpya, yaani isiyotumika, yenye gundi yake ya asili ambayo haijawahi kubandikwa kwenye albamu. MM, MH au nyota moja ni mpya iliyobandikwa kwa kibandiko, yaani kile kikaratasi chepesi chenye gundi ambacho wakusanyaji wa zamani walikitumia kuishikiza stempu. Nyota ndani ya mabano, au NG, ni stempu isiyo na gundi. VFU ni iliyotumika na bado nzuri sana, na CDS ni kwamba muhuri wake ni wa duara wenye tarehe. CTO ni iliyopigwa muhuri kwa ajili ya kuuzwa kwa wakusanyaji, haikusafiri na barua. Nyingi za namna hiyo bado zina gundi nyuma.

Sasa, bei. Katalogi ya Stanley Gibbons, ambayo wauzaji wa stempu za Kiingereza na makoloni yake huitaja kuliko nyingine zote, hutoa bei ya stempu iliyo katika hali nzuri. Kwa stempu mpya za tangu Malkia Victoria hadi George wa Tano, bei hiyo ni ya stempu iliyobandikwa kidogo kwa kibandiko. Kuanzia Edward wa Nane na George wa Sita, bei ni ya isiyobandikwa kabisa. Mpaka huu una maana kubwa kwa mfuko wako. Muuzaji akikuambia stempu ya 1912 ni MNH na anadai nyongeza nono, huenda ni kweli, lakini hapo hapo ndipo penye kishawishi cha kupaka gundi mpya juu ya alama ya kibandiko. Binafsi ningenunua ile yenye alama ndogo ya kibandiko na kuiacha nyongeza.

Maneno kama “tazama picha” au “inauzwa kama ilivyo” si maelezo ya hali. Muuzaji mwenye stempu nzima husema nzima. Akikaa kimya kuhusu mgongo, usiujaze ukimya wake kwa matumaini.

Picha nne za kuomba

Ya kwanza ni ya mbele, kwa skana, dpi (nukta kwa inchi) 600 au zaidi, stempu ikiwa juu ya karatasi nyeusi. Nyeusi ni muhimu: juu ya nyeupe, jino fupi (meno ni vile vichomozi vya ukingoni vinavyobaki stempu inapochanwa kwenye matundu) au pembe iliyokatika hupotea kwa sababu karatasi ya stempu na ya chini zina rangi moja. Ya pili ni ya nyuma, kwa skana hiyo hiyo. Ya tatu ni ya stempu ikiwa mbele ya taa au dirisha, mwanga ukipenya kutoka nyuma yake. Ya nne ni ya simu, taa ikiwekwa pembeni ili mwanga uambae juu ya karatasi.

Hii ya nne wengi huisahau, na ndiyo inayofichua mikunjo. Skana huibana stempu dhidi ya kioo na kuimulika moja kwa moja, kwa hiyo mkunjo uliolainishwa hauachi kivuli. Mwanga wa pembeni hukutana na ule mkunjo na kuuchora kama mstari. Ile ya mwanga wa nyuma nayo huonyesha mchubuko, mpasuko uliogundishwa, na tundu la pini lililozibwa, kwa sababu penye karatasi pungufu panang’aa zaidi, na palipoongezwa karatasi panakuwa na giza.

Dpi 600 si anasa. Stempu yenye upana wa milimita 24 inatoa picha ya pikseli kama 567 kwa upana, na hapo unaweza kuhesabu jino moja moja. Kwa stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za George wa Sita, zilizotoka kuanzia 1938, jambo hili linagusa bei moja kwa moja, maana thamani ile ile ilichapwa kwa meno ya vipimo tofauti, kama 13¼, 14 na 13 kwa 11¾, na baadhi ya vipimo ni adimu. Kipimo cha meno ni idadi ya matundu ndani ya milimita 20. Kwenye skani ya dpi 600, milimita 20 ni pikseli 472. Pima umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la kumi baada yake: pikseli 337 ni kipimo cha 14, pikseli 357 ni 13¼. Tofauti ya pikseli 20 inaonekana bila shida. Sharti moja: mwombe muuzaji aweke rula ndani ya picha, kwa sababu tovuti nyingi za kuuzia hupunguza ukubwa wa picha bila kukuambia, na hesabu yako inaharibika. Ukiwa na rula unapima upya ni pikseli ngapi zinafanya milimita 20 katika picha uliyonayo.

Kingo

Pitia kila upande, jino kwa jino, ukianza na pembe nne. Jino fupi moja upande wa stempu ya bei ndogo si kitu. Jino la pembeni lililokatika kwenye stempu ya bei kubwa ni kitu, na pembe iliyojikunja ni kitu zaidi, kwa sababu mkunjo ule umekwisha kuvunja nyuzi za karatasi hata ukinyooshwa. Upande mmoja ulionyooka sana, wenye matundu ya mviringo kamili na meno yasiyo na nyuzi kichwani, wakati pande nyingine tatu zina meno yenye manyoya, umetobolewa upya baada ya kingo halisi kuharibika.

Kuhusu kukaa katikati kwa mchoro, nitasema kwa kifupi. Soko la Marekani linalipia sana stempu ambayo pambizo zake nne zinalingana, hadi kuna taasisi zinazotoa alama hadi 100. Kwa stempu za Afrika Mashariki, nyingi zilichapwa hivyo hivyo bila kulingana, na wanunuzi wake hawajazoea kuulipia ulinganifu huo. Mchoro usiguswe na meno, inatosha.

Mgongo wenyewe

Kibandiko cha zamani kiliondolewa mara nyingi kwa haraka, na kikaondoka na tabaka la karatasi. Hapo ndipo mchubuko unapozaliwa, kwa kawaida sehemu ya juu katikati, palipokuwa na kibandiko. Mchubuko mdogo kama kichwa cha pini kwenye stempu iliyotumika unaweza kuvumilika kwa bei pungufu. Mchubuko mpana unaifanya stempu ghali kuwa ya kuziba nafasi kwenye albamu tu, na usikubali kuilipia zaidi ya sehemu ndogo ya bei ya katalogi.

Gundi mpya iliyopakwa juu ya gundi iliyoharibika ndiyo hila inayowapata watu wengi, kwa sababu inafanya stempu ionekane bora kuliko ilivyo. Ili uitambue, kumbuka mpangilio wa kazi kiwandani: karatasi ilipakwa gundi kwanza, ikakauka, ndipo ikatobolewa matundu. Kwa hiyo meno ya stempu halisi yalipasuka baadaye, na vichwa vyake ni nyuzi kavu, laini, zilizotawanyika. Aliyepaka gundi nyumbani anaipaka kwenye stempu ambayo tayari ina meno. Gundi inavuja hadi vichwani, nyuzi zinashikamana na kuwa ngumu. Kwenye skani ya nyuma ya dpi 1200 vichwa vya meno vinakuwa na mng’ao au vishipa vya gundi. Ukishaipata mkononi, pitisha meno taratibu kwenye ngozi laini ya juu ya mdomo: yaliyopakwa gundi yanachoma kidogo. Dalili nyingine ni gundi iliyo nyororo kupita kiasi juu ya mchubuko: karatasi imepungua, lakini gundi imepita juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Unyevu na madoa ya kutu

Stempu zilizokaa Mombasa, Zanzibar au Tanga zikiwa ndani ya bahasha kabatini zimeishi kwenye hewa yenye maji. Ukungu hukua kwenye karatasi na kuacha vidoa vya rangi ya kahawia, vile wakusanyaji wanavyoviita madoa ya kutu ingawa si chuma. Huanzia kwenye vichwa vya meno, palipo wazi, na kwenye gundi. Muuzaji anayeongeza mwangaza wa picha anaweza kuvifuta machoni pako bila hata kukusudia, kwa hiyo angalia kama karatasi ya chini nayo imefifia au nyeusi yake imekuwa kijivu. Ikiwa hivyo, mwombe picha isiyorekebishwa. Vidoa viwili kwenye meno si vidogo kama vinavyoonekana: ukiiweka stempu hiyo kwenye albamu yenye unyevu, ukungu unaweza kuhamia kwa jirani zake.

Gundi iliyogeuka kahawia yote kwa usawa ni jambo jingine. Kwa stempu mpya ya George wa Tano iliyokaa pwani ni kawaida, nami siikatai ikiwa rangi haijapenya mbele. Picha ya mwanga wa nyuma itakuonyesha kama imepenya.

Ipo hata stempu ambayo unyevu ni sehemu ya historia yake. Mwaka 1916, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwa vitani na imekatiwa njia ya bahari, stempu za dharura za heller 2½, heller 7½ na rupia 1 zilichapwa kwenye mtambo wa misheni pale Wuga, Usambara. Zilifukiwa ardhini ili zisiangukie mikononi mwa Waingereza, zikafukuliwa baada ya vita, nyingi zikiwa zimeharibika. Kwa stempu ya Wuga, karatasi yenye madoa haishangazi. Inayotakiwa kukushtua ni ile nyeupe, yenye gundi ng’avu, inayouzwa bila cheti.

Wino uliooshwa

Turudi kwenye ile pauni 1. Toleo lile la 1922 lilipanda hadi pauni 100, na hakuna barua iliyohitaji pauni 100. Thamani kubwa zilikusudiwa hasa hati: mikataba, uhamisho wa mali, ada za mahakama. Zilibatilishwa kwa kalamu, kwa muhuri wa mpira wa kampuni au wakili, au kwa kutobolewa. Stempu ya ushuru ina wakusanyaji wake na bei yake halali, tena ya chini. Ubaya unaanza inaposafishwa ili ipite kama mpya au kama iliyotumika posta.

Wino wa zamani ulikuwa na chuma, na ukioshwa mara nyingi huacha kivuli cha njano au kahawia ndani ya nyuzi. Pakua picha kubwa, ifungue kwenye programu yoyote ya picha, ongeza ukali wa tofauti kati ya mwanga na giza, kisha tazama chaneli ya buluu, yaani sehemu ya picha inayobeba rangi ya buluu, peke yake. Kivuli cha njano kinakuwa cheusi kwenye chaneli hiyo. Tafuta mistari inayopita juu ya mchoro bila kufuata mchoro: mkia wa sahihi, tarehe iliyoandikwa kwa mkono, sehemu ya mwaka. Angalia pia kama rangi imefifia mahali pamoja tu, kama uso wa karatasi umekwaruzika, na kama kuna matundu mawili madogo ya pini iliyoshikiza hati.

Baada ya hapo, uhoji muhuri. Muhuri mzito uliotua pale pale penye kivuli haukutua kwa bahati. Soma mji na tarehe. Tarehe iliyotangulia 1922 haiwezekani. Muhuri wa Dar es Salaam wa 1925 juu ya stempu iliyoandikwa Kenya na Uganda nao unahitaji maelezo, kwa sababu Tanganyika wakati huo ilikuwa na stempu zake zenye kichwa cha twiga, na huduma za posta ziliunganishwa 1933. Kumbuka pia kwamba London ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na kazi kubwa ya mihuri bandia ya makoloni, inayojulikana kwa jina la Madame Joseph. Mihuri hiyo ilichongwa kwa ustadi na bado inazunguka juu ya stempu ghali. Mihuri yake imeshachapishwa kwa picha, kwa hiyo mji na tarehe vinaweza kulinganishwa.

Rangi

Kampuni ya De La Rue ya London ilichapa stempu nyingi za makoloni kwa wino wa zambarau na kijani uliotengenezwa makusudi ukimbie unapooshwa, ili mtu asifute muhuri na kuitumia stempu tena. Ulinzi ule sasa ni mzigo kwa mkusanyaji: zambarau iliyolowa hugeuka kijivu au waridi hafifu, kijani hugeuka njano. Usiamini rangi ya picha moja. Fungua stempu tano za thamani ile ile kutoka kwa wauzaji tofauti, zilinganishe, uone kama ya kwako ndiyo pekee iliyopauka. Anayekuuzia “rangi adimu” ambayo haimo kwenye katalogi, mara nyingi anakuuzia jua na maji.

Karatasi yenye tabaka la chokaa, iliyoanza kutumika kwa makoloni mnamo 1905 hivi, haivumilii msuguano wala maji. Kwenye picha ya mwanga wa pembeni sehemu iliyosuguliwa inakosa ule mng’ao wa unga.

Maneno yaliyopigwa juu

Zanzibar ilianza 1895 kwa kutumia stempu za India zilizopigwa neno “Zanzibar” juu. Stempu ya India ya wakati huo ni rahisi, yenye neno hilo ni ghali, kwa hiyo za kughushi ni tele. Kwenye iliyotumika, neno lilikuwapo kabla stempu haijapigwa muhuri; wino wa muhuri lazima upite juu ya herufi. Kuza picha mahali vinapokutana. Ukiona herufi imekaa juu ya mstari wa muhuri, acha. Stempu za Kijerumani zilizopigwa “MAFIA” kwa mkono baada ya Waingereza kukiteka kisiwa, zilizoanza 1915, usizinunue kwa picha peke yake, hata picha iwe nzuri vipi.

Cheti na muda wa kurudisha

Kwa stempu ya bei kubwa, uliza kama ina cheti cha kamati ya wataalamu: Royal Philatelic Society London, BPA ya Uingereza, au kwa stempu za Kijerumani mtaalamu wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu cha Ujerumani. Cheti kiwe na picha, na ulinganishe picha hiyo na stempu inayouzwa jino kwa jino na muhuri kwa muhuri, maana cheti halisi huweza kuambatanishwa na stempu nyingine. Angalia mwaka wake pia. Stempu iliyokuwa nzima cheti kilipotolewa inaweza kuwa imepata mkunjo baadaye.

Ikiwa haina cheti, kubaliana kwa maandishi kabla ya kulipa kwamba muda wa kuirudisha utasubiri majibu ya wataalamu, ambayo huchukua wiki au miezi. Nyumba nyingi za mnada hukubali ukiomba mapema. Baada ya mnada hazilazimiki. Kwa mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au Mombasa, kurudisha stempu Ulaya ni gharama ya posta ya rejesta na kusubiri, na ndiyo maana zile picha nne ni za kuombwa kabla.

Bahasha ikifika

Irekodi video ukiifungua, kisha ishike stempu kwa kibano, si kwa vidole. Itazame kwenye mwanga wa nyuma na wa pembeni kwanza. Taa ya urujuanimno ya nanomita 365 itaonyesha wino uliooshwa kama giza, na viraka vya karatasi ya kisasa kama mwanga wa buluu-nyeupe. Karatasi ya 1900 haing’ai hivyo, kwa sababu kemikali za kung’arisha karatasi zilienea kuanzia miaka ya 1950.

Mwisho ni kuiweka kifudifudi kwenye kisahani cheusi na kudondosha matone mawili ya mafuta ya kujazia kiberiti cha petroli. Michubuko na mikunjo huonekana kama giza kwa sekunde chache, na alama ya maji pia, kisha mafuta yanakauka bila kugusa gundi. Fanya hivyo penye hewa, mbali na jiko na sigara. Usifanye kwa stempu zilizochapwa kwa fotogravya (uchapaji wa picha kwa bamba lililochimbwa vishimo vidogo vya wino), kwani baadhi ya wino wake huyeyuka, na usifanye kabla hujamaliza kupiga picha zako mwenyewe za mbele na nyuma. Ukihitaji kurudisha, picha hizo ndizo utakazomtumia muuzaji.